Dizeli ya Kumtoa Zenzo

Mtu tuliyemwita Ticha jina lake hasa lilikuwa Nkosilathi Mguni, na siku aliyofika kwetu machimboni Ntabelitshe alikuwa ameshachoka. Sisemi uchovu wa safari, maana huo mtu hulala akaamka umekwisha. Wake ulikuwa umemkaa mabegani kama mzigo ambao mtu amesahau kwamba anaweza kuutua.

Mimi nilikuwa nikipika pale. Watu waliniita MaNkala, kwa ukoo wa baba yangu, kama ilivyo desturi yetu kwa wanawake. Kibanda changu kilitazamana na mdomo wa shimo kubwa, shimo la Wazungu wa zamani, lililoachwa kabla mama yangu hajaolewa. Wanaume wa siku hizi walilifufua. Kila msimu wa mvua maji yalilijaza, na kila kiangazi waliyatoa ili warudi chini kutafuta dhahabu waliyoambiwa na babu zao kwamba imebaki.

Ticha alikuwa amefundisha hesabu miaka mingi katika shule ya misheni, darasa la juu kabisa, wale wanaojiandaa kwenda chuo kikuu. Halafu mshahara ukageuka makaratasi. Ukiupokea asubuhi, jioni haununui mkate. Mkewe akaenda Johannesburg kufanya kazi za nyumbani za watu, akawa anapiga simu Krismasi, na baadaye hata Krismasi simu ikawa haiiti. Ticha akafunga begi akaja kwetu na viatu vyeusi vya ngozi. Miezi ya kwanza alivipiga rangi kila Jumatatu. Baadaye akaacha, na hakuna aliyemuuliza.

Kuchimba hakuweza. Kifua chake kilikuwa kibovu, akipanda ngazi tatu anasimama kuhema. Walimpa kazi ya kunoa patasi. Akanoa mpaka siku moja akamsikia Mafu akigombana na wenzake.

Mafu ndiye aliyekuwa mwenye jenereta na pampu ya kuzamisha, ile inayoning'inizwa kwa kamba hadi majini. Mtu mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Walikuwa wametoa maji siku nzima na maji yameshuka vizuri. Siku ya pili yameshuka kidogo, ya tatu kidogo zaidi, na dizeli imekwisha. Mafu alidai kuna mtu anaiba.

"Hakuna aliyeiba," Ticha akasema, bado ananoa.

"We nawe umejuaje? Ulikuwa unalala juu ya pipa?"

"Maji ya chini si sawa na maji ya juu, Mafu. Ndoo ya juu unaipandisha kidogo tu. Ndoo ya chini unaipandisha shimo zima. Halafu mnahesabu zote bei moja."

Wakacheka. Lakini Mafu hakucheka. Alikuwa mkali, si mjinga. Alimketisha Ticha kwangu, akaagiza sahani mbili za isitshwala, ugali wetu, na mboga za umbhida, akamwambia, "Haya, nieleze polepole kama unamweleza mkwe wako."

Ticha akachukua mkate wangu wa kukata, akausimamisha wima mezani. Akasema, "Shimo lenye maji ni huu mkate. Kila slesi ina uzito wake, na kila slesi ina safari yake mpaka juu. Uzito mara safari, hiyo ndiyo kazi ya slesi moja. Sasa fanya slesi ziwe nyembamba, nyembamba zaidi, nyembamba mpaka huwezi kuziona, halafu zijumlishe zote." Akaandika kwa mkaa juu ya kipande cha bati ile alama yao ndefu iliyopinda juu na chini. "Hii maana yake ni jumlisha. Hakuna uchawi."

"Na shule wanafundisha hivi?"

"Kila mwaka. Kuna swali la tanki la maji, unatakiwa utafute kazi ya kuyatoa yote kupitia juu. Na kila mwaka kuna mwanafunzi anayeuliza, Ticha, huyu mwenye tanki kwa nini asifungue bomba la chini aende akalale?"

"Unamjibu nini?"

"Namwambia mtihani hauna bomba la chini."

Hapo Mafu alicheka mpaka akapaliwa. Tangu siku hiyo Ticha hakunoa tena patasi. Machimbo yote ya jirani yalimwita. Alikuwa akifika, anauliza shimo lina upana gani hapa na pale, mpaka wapi, maji yako wapi, anakaa chini na bati lake na mkaa, kisha anawaambia mnahitaji dizeli kiasi fulani, au anawaambia msijisumbue. Walimlipa kwa unga, kwa kuku, mara nyingine kwa maneno mazuri. Alikuwa akila kwangu na kulala katika kibanda cha stoo, na nikimpelekea chai namkuta amekaa kitandani amevaa kiatu kimoja, anatazama kile kingine.

*

Mwezi wa pili wa mwaka ule wa mvua nyingi, kijito kilichopita nyuma ya machimbo kilivunja kingo zake. Ilikuwa adhuhuri. Nilisikia kishindo kama lori linamwaga kokoto, na nilipotoka nje niliona maji ya rangi ya matope yakiingia shimoni kwa upande mmoja, bila haraka, kama mtu anayeingia nyumbani kwake.

Waliokuwa chini walipanda kwa kamba na ngazi, mmoja baada ya mwingine, wamelowa, macho yamewatoka. Mafu alisimama mdomoni akiwaita kwa majina. Wote waliitika ila Zenzo.

Zenzo Sibanda alikuwa mtoto wa pekee aliyebaki kwa mama yake, MaTshuma. Mwanaume wa miaka thelathini hivi, mpole, mla sana, aliyeniita mama mdogo ingawa hatukuwa ndugu. Wenzake walisema alikuwa mbali zaidi kuliko wote, mwisho kabisa wa tumbo la shimo. Maana shimo lile lilikuwa kama kibuyu cha maziwa ya mgando: shingo nyembamba ndefu, kisha tumbo pana huku chini, ambako wazee walikuwa wamefuata mawe ya dhahabu kila upande. Maji yalijaza tumbo, yakapanda shingoni, yakatulia karibu na juu kabisa. Kila mtu alijua.

Watu wa serikali walikuja kesho yake na gari. Wakatazama, wakapiga picha, wakasema mvua ikipungua watarudi na mashine. Wakaondoka kabla sijawamiminia chai.

MaTshuma alikuja kwa miguu kutoka kijijini, amejifunga blanketi la kufiwa. Alikaa juu ya jiwe karibu na mdomo wa shimo na hakutaka kiti. Kwetu msiba bila maiti hauna pa kushikia. Watu hawawezi kutawanyika, moto wa matangani hauwezi kuzimwa, mama hawezi kunyoa nywele. Alisema jambo moja tu: "Nataka mwanangu alale kwenye zizi la baba yake, walikozikwa wazee wake."

"Tutamtoa, mama," Mafu akasema. "Nina mapipa mawili ya dizeli. Tunaanza leo hii hii." Akageuka. "Ticha, piga hesabu."

Ticha alikuwa amekwisha kupiga. Nilimwona tangu asubuhi nyuma ya stoo, bati limejaa mkaa, anafuta kwa kiganja, anaandika tena. Aliyekuwa akimpa vipimo vya tumbo la shimo ni mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi mle zamani, na mzee alikuwa akipima kwa kunyoosha mikono na kufumba macho.

"Mapipa mawili yatamaliza shingo," Ticha akasema. "Na yatagusa tumbo kidogo. Basi."

"Si tuanze, mengine yatapatikana mbele kwa mbele?"

"Maji yanaingia huku tunayatoa. Tukisimama siku moja kutafuta dizeli, yanarudi yalipokuwa. Mapipa mawili yote tutakuwa tumeyatupa. Tumbo ni pana na liko chini. Kila slesi huko ni nzito kuliko za juu na safari yake ni ndefu kuliko za juu. Tunahitaji mapipa saba yakiwa hapa, ndipo tuwashe. Tukiwasha hatuzimi."

"Saba? We Ticha, saba tunayatoa wapi? Kwa mjomba wako?"

"Sijui yanatoka wapi. Mimi najua ni saba."

"Watu wanalia hapa, wewe unaleta mambo ya darasani. Mama wa watu amekaa kwenye jiwe!"

"Namwona, Mafu."

MaTshuma aliinua kichwa. "Mguni," akasema. Alimwita kwa jina la ukoo, kwa heshima, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Unaniambia mwanangu akae majini ningoje?"

Ticha alikwenda akachutama mbele yake. Sikuwahi kumwona akichutama, magoti yake yalimsumbua. Akamweleza yale yale aliyomweleza Mafu, polepole, bila bati. Alimwambia juu ya shingo na tumbo. Alimwambia ukianza na kisichotosha utamwona anakaribia kisha atazama tena, na utamlilia mara mbili. MaTshuma alisikiliza huku anaviringisha pindo la blanketi.

"Na ukipata saba, utamfikia?"

"Nikipata saba, nadhani nitamfikia."

"Unadhani."

"Nadhani, mama. Tumbo sijalipima mwenyewe."

Mama yule akalikaza blanketi lake. Kisha akainuka, akasema, "Basi wacha nikaombe." Akaanza kutembea.

Alikwenda nyumba hadi nyumba, kitongoji hadi kitongoji, akiwa na wanawake wawili wa kanisani. Dizeli ilikuja kwa madumu, kwa chupa za soda, kwa ndoo iliyofunikwa kwa sahani. Dereva wa basi la mjini alifyonza ya kwake akabaki na ya kumfikisha kituoni tu. Mwenye mashine ya kusaga alileta pipa lake zima, na kwa hiyo wiki ile hakukuwa na unga katika eneo lote. Tulichemsha mahindi tukala punje. Wazee wasio na meno walikunywa mchuzi wake. Sikumsikia mtu hata mmoja akilalamika, au labda walilalamika mbali na jikoni kwangu.

Siku ya nne mapipa yalitimia. Mafu akawasha.

*

Shingo ilikwenda vizuri. Maji yalitoka kwa mpira wa pampu yakimwagika bondeni, na alama za chokaa alizochora Ticha ukutani mwa shimo kiangazi kilichopita zilijitokeza moja baada ya nyingine. Watu walipiga vigelegele, kisha wakakumbuka na kunyamaza. Ticha hakutazama maji. Alitazama jenereta na saa yake, na kila baada ya muda aliingiza kijiti ndani ya pipa kupima.

Kesho yake tumbo likaanza, na maji yakaonekana kana kwamba yamesimama. Mpira ulitoa kijito chembamba. Mafu alizunguka akilaani pampu, akilaani mvua. "Inafanya kazi yake," Ticha akamwambia. "Ni safari tu imekuwa ndefu." Walipokezana kulala chini ya turubali. Nilimpelekea mahindi, nikayakuta baadaye yamepoa kando yake.

"Kula, Ticha."

"Nitakula, MaNkala."

"Ulisema hivyo asubuhi."

"Ilikuwa kweli asubuhi pia."

Siku ya nne ya kupampu pipa la saba liliingia kwenye tanki la jenereta, na maji yalikuwa bado hayajaisha. Ticha alichungulia, akashusha kamba yenye jiwe, akaipandisha, akapima ule unyevu kwa shubiri. Aliurudia upimaji huo. Kisha akaketi chini.

"Tumbo ni kubwa kuliko alivyosema mzee," akasema. "Wachimbaji wameendelea kulipanua miaka yote hii. Nilipaswa kujua."

"Kiasi gani bado?" Mafu akauliza.

"Kifuani. Labda kiunoni, dizeli ikiisha."

Nilitegemea Mafu atapiga kelele. Hakupiga. Alivua shati akaanza kujifunga kamba. "Kiunoni tunatembea," akasema.

Walishuka wanaume watano jenereta ikiwa bado inanguruma na tone lake la mwisho. Ticha akasema naye atashuka, kwa sababu ndiye aliyeichora ramani ya tumbo. Walimkataza kwa ajili ya kifua chake. Hakubishana, alijifunga tu kamba, na walimshusha.

Haya yaliyofuata nilisimuliwa na Mafu. Walipapasa sakafu yote ya tumbo kwa miguu na kwa fimbo, maji ya matope kiunoni, kutoka ukuta hadi ukuta. Zile slesi za mwisho, ghali kuliko zote, ambazo kijiji kizima kilikula punje kwa ajili yake, zilikuwa wazi mbele yao, na Zenzo hakuwemo. Wakaanza kusema labda amefukiwa na tope. Ticha alikuwa ameegemea ukuta anahema. Akainua taa yake juu, si kwa kutafuta, alisema baadaye, bali kwa kuwa shingo ilimuuma kwa kuinama.

Juu ukutani, mbali na vichwa vyao, kulikuwa na tundu ambalo wachimbaji walikuwa wamelichimba kuelekea juu wakifuata mshipa wa dhahabu. Mguu ulionekana.

Zenzo alikuwa ameketi mle ndani, ameegemea jiwe. Maji yalikuwa yamefika kwenye mdomo wa tundu yakakomea hapo, yamezuiwa na hewa iliyonaswa. Alikuwa amevua shati lake, amelikamua, amelitandaza juu ya jiwe ili likauke. Nalo lilikuwa limekauka.

Mafu aliponieleza habari ya shati alisimama hapo, akaomba maji ya kunywa.

Walimpandisha wamemfunga kwa turubali. MaTshuma alimgusa kichwani, kisha akageuka akaanza kushukuru watu, mmoja mmoja, kwa majina. Walimzika jioni hiyo hiyo kwenye zizi la baba yake, na mama akanyolewa nywele.

*

Baada ya hapo Ticha hakuitikia wito wa machimbo yoyote kwa muda. Alikaa nyuma ya stoo na bati lake. Nilijua anahesabu nini bila kuuliza, kwa sababu mimi pia nilikuwa nikihesabu kwa akili yangu ya jikoni: zile siku tulizongoja. Mapipa mawili ya Mafu yangefika kwenye mdomo wa lile tundu, au karibu yake. Hewa katika tundu lile ingemtosha mtu muda gani? Siku moja? Mbili?

Siku moja MaTshuma alikuja. Alikuwa amevaa nguo nyeusi za msiba, kichwa wazi. Hakukaa.

"Mguni, wameniambia habari ya shati."

Ticha aliinuka. "Ndiyo, mama."

"Tungewasha siku ile ile, tungemkuta hai?"

Niliacha kuosha sufuria. Ticha alitazama lile bati, kisha akaligeuza, upande wenye maandishi ukawa chini.

"Nimeirudia mara nyingi," akasema. "Pampu ile, hata tungekuwa na dizeli ya dunia nzima, isingefika kwenye tundu kabla ya siku ya tatu. Hesabu inasema hivyo. Na hewa ile, kwa mtu mzima, naona isingefika siku ya tatu."

"Basi tusingemkuta."

"Hesabu inasema tusingemkuta. Lakini ni hesabu yangu hii hii iliyokosea tumbo la shimo, mama. Na hewa sikuwahi kuipima, nimeikisia. Siwezi kukuambia kwa kiapo." Akaliweka bati chini. "Nilidhani amekwisha kufa. Hilo ndilo sikulihesabu. Niliandika kana kwamba najua."

"Sote tulidhani," MaTshuma akasema.

"Lakini ni mimi niliyesema tungoje."

Mama yule alimtazama kwa muda mrefu. Nilifikiri atalia, au atamtukana, na vyote viwili alikuwa na haki navyo. Akasema, "Nilikuuliza, ukanijibu unachokijua na usichokijua. Watu wengine walinijibu kwa kupiga picha." Kisha akaniomba maji, akanywa yote, akarudi kijijini.

Sikuona uso wa Ticha ukibadilika baada ya maneno yale. Ningependa kusema alipata nafuu, lakini nilikuwa pale na sikuiona. Aliendelea na kazi, kwa sababu kiangazi kilifika na watu wakamwita. Tofauti ni kwamba sasa hakukubali vipimo vya mdomo. Alidai ashushwe yeye mwenyewe kila mwaka maji yakiisha, apime kila shimo kwa kamba, kila tundu, hata yale yanayoelekea juu, na kifua chake kikazidi kuharibika. Wachimbaji walinung'unika kwamba Ticha anawapotezea muda. Mafu aliwaambia wanyamaze.

Mwaka ulipopita, MaTshuma alifanya umbuyiso, sherehe ya kuirudisha roho ya marehemu nyumbani ilinde watu wake. Pombe ilipikwa, fahali akachinjwa, wanawake wakaimba tangu alfajiri. Nilikwenda kusaidia jikoni. Ticha alikuja na shati safi. MaTshuma hakumwacha akae na wageni. Alimshika mkono akampeleka upande wa wanaume wa nyumba, wajomba na binamu, akamwonyesha kigoda cha chini penye kivuli cha ghala, akasema, "Hapa."

Akaketi. Watu walipokuwa wakiwaita wazee kwa majina yao ya sifa na vumbi likipanda chini ya miguu ya wachezaji, Ticha alikuwa ameegemeza kichwa ukutani. Mpwa mmoja alikuja na sinia la nyama akanyoosha mkono kumwamsha. MaTshuma akamzuia.

"Mwache alale," akasema. "Mwekee yake."

Nikaifunika nyama yake kwa sahani, nikaiweka mbali na mbwa.